Siku Kikapu cha Kezia Kiliporudi Kitupu

Sogeeni, enyi kina mama wa nyanda za juu za Kigoma, wa Makere na wa Munanila, na ninyi wa Mabamba mnaofungua mlango asubuhi mkaiona Burundi imekaa ng'ambo. Tueni majembe, epueni maharage yasije yakaungua, mfuteni mtoto kamasi kwanza, kisha mketi mnisikilize. Wako wanaosimulia vita vya wafalme, mikuki ikipaa na ngoma zikilia. Mimi nasimulia vita vya kidonge cha rangi mbili, vilivyopiganwa Makere mwaka elfu mbili na kumi na nne, na nilikuwamo, na mabuti niliyovaa bado yana tope lake.

Masika yalikuwa yameikaba nchi shingoni ndipo adui alipoingia. Hakuja na tarumbeta, alikuja kwa chafya. Alipita shuleni, akapita kanisani pale watu wanapopeana mikono ya amani, akapanda kilima chetu, akabisha hodi kwa mama mkwe wangu.

Na huyo alikuwa nani? Alikuwa Ernesta, Ernesta mwenye mkono usiofumbwa, mama wa mume wangu Isack, mjane aliyelea watoto kwa jembe moja na ulimi mmoja. Katika umri wake wote hakuna kikapu kilichoingia kwake na kitu kikatoka bila kitu. Maana kwetu sheria ndiyo hiyo, nayo haijaandikwa popote: jirani akikuletea viazi kikapuni, kikapu hakirudi kitupu. Utatia kitunguu, utatia chumvi umeifunga kwenye karatasi, hata kipande cha sabuni, lakini utatia. Asiyetia husemwa kisimani mpaka maji yanamwonea huruma.

Sasa shujaa huyu alikuwa na pumu. Mwaka uliotangulia kifua kilimlaza hospitali, tukakaa nje kwenye majani tunagawana chai na hofu, tukidhani tunarudi nyumbani na jeneza. Kwa hiyo Isack alipokwenda Kibondo kujenga, maana ni fundi mwashi, hakuniambia habari za mbuzi wala za shamba. Alinishika mkono akasema, "Mke wangu, nakuachia mama." Maneno hayo yalinilalia kifuani kama jiwe la kusagia.

Basi homa ilipompanda Bibi, ndivyo nyumbani tumwitavyo Ernesta, na mwili ukamuuma kana kwamba amepigwa na mchi, sikungoja. Siku ya pili yake asubuhi nilimpakia kwenye pikipiki, nikakaa nyuma kumzuia asianguke, tukashuka Kasulu hospitalini. Huko akatupokea Daktari Elieth, binti wa Mtwara aliyepangiwa kazi huku kwetu kwenye baridi, mwembamba wa mwili na mpana wa maarifa. Alimsikiliza kifua. Akauliza homa imeanza lini. Akauliza habari za pumu, akauliza kama figo zake ni nzima, akauliza dawa nyingine anazotumia, hata za miti shamba akaziuliza. Ndipo akasema haya si mafua ya kawaida yanayokwisha yenyewe kwa uji wa moto. Hii ni influenza, na kwa mtu mwenye pumu huweza kushuka mapafuni. Alitusifu kwa kuwahi, kwa kuwa dawa yake hufanya kazi vizuri ikianzwa mapema, si baada ya mgonjwa kulala wiki nzima akisubiri ndugu wakutane.

Akatoa vidonge, vya rangi mbili, kila kimoja ndani ya kijumba chake cha bati. Kimoja asubuhi na kimoja jioni kwa siku tano. Vimezwe na chakula, visije vikapindua tumbo. Kimoja kikisahaulika, viwili visimezwe kwa pamoja kufidia, tumpigie tumuulize. Pumzi ikibana, au akianza kusema maneno yasiyoeleweka, tusipige simu, tuje. Kisha akanitazama mimi, si Bibi.

"Mama, hivi ni vya kwake peke yake," akanena. "Hata akipona katikati, vimalizwe. Na mvitunze, maana dawa hii ni ya thamani, huikuti dukani."

Maneno mazuri, dada zangu. Lakini wawili husikia neno moja kila mtu na sikio lake. Mimi nilisikia "peke yake". Bibi alisikia "ya thamani".

Vita vikaanza vizuri. Asubuhi na jioni nilisimama kando ya kitanda na bakuli la uji, imara kama askari wa benki, na Ernesta akameza akikunja uso, akilalamika kwamba kidonge kina tabia ya kuzungukazunguka tumboni kikitafuta mlango. Nikamwongezea uji, kikatulia. Siku ya tatu homa ilikuwa imeshuka, akaanza kuuliza nani amelima wapi. Nikaona ushindi. Nikafunga ghala, nikatia ufunguo kwenye fundo la kitenge, nikaenda kupalilia maharage.

Mama mwenzangu unayenisikiliza, hapo ndipo mahali pa kuogopa. Mgonjwa akianza kuuliza habari za shamba la watu, usimwache peke yake na dawa.

Niliporudi nimelowa, nilimkuta Anne-Marie mlangoni. Anne-Marie ni Mkongomani wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, anapita vijijini akiuza mitumba kichwani, na asubuhi ile alikuwa amemletea Bibi dagaa za kumtia nguvu. Alikuwa ameshika kitu kwa vidole viwili kama anayeshika mdudu asiyemjua jina.

"Mama Evaline," akasema, "hii dawa Bibi alinitilia mu kitunga, ni ya kukula mbele ya chakula ao nyuma?"

Nilikitambua kile kijumba cha bati, kimekatwa kwa wembe, pembe zimenyooka vizuri. Nikamwuliza kwa upole kama yeye ni mgonjwa. Akasema hapana, hana hata chafya, lakini zawadi ni zawadi. Nikamwambia hii si ya kuliwa mbele wala nyuma, ni ya Bibi. Nikampa maharage, akanirudishia kidonge, akaenda zake akicheka. Huo ulikuwa ushindi wa kwanza, na wa rahisi. Hamkumwagika damu, mlimwagika maharage machache tu.

Nikaingia ndani. Nikainua mto tunapovifichia vidonge. Vijumba viwili zaidi havikuwapo. Na Ernesta amekaa kitandani, kitambaa kichwani, uso umetulia kama wa mtu aliyelipa madeni yote ya dunia.

Akajitetea, naye akijitetea huinua mkono kama wakili. "Mkamwana, homa imeshuka, mwili unaniita shambani. Chakula kikibaki baada ya kushiba hakifichwi, hugawiwa. Mimi nimeshiba dawa. Kezia alileta viazi, Leonidasi alileta ndizi, yule wa dagaa alileta dagaa, na ghala umelifunga, ufunguo unatembea nao kiunoni. Ulitaka vikapu vitoke vitupu nyumbani kwa Ernesta? Nikatafuta kilicho bora humu ndani. Daktari mwenyewe alisema ni cha thamani."

Kwa heshima ya mkwe siwezi kumgombeza, na kwa hofu siwezi kunyamaza. Nikapiga magoti, nikasema, "Mama, leo nimeshinda nikipalilia. Gugu ukilikata juu, mizizi hucheka. Homa imekatwa juu tu."

Akafungua kinywa anijibu, na badala ya jibu kikatoka kikohozi. Nyuma ya kikohozi pumzi ikapiga filimbi nyembamba, ile ile ya mwaka jana, ile tuliyoisikia tukiwa tumekaa kwenye majani ya hospitali. Nikampa dawa yake ya kuvuta, filimbi ikakoma. Tukatazamana. Sote wawili tuliisikia.

"Ego, kweli," akasema kwa sauti ndogo, "nimekosea hesabu ya adui. Lakini kilichotiwa kikapuni hakidaiwi. Ukienda kukidai, usirudi hapa, nitakuwa nimekufa kwa aibu kabla ya mafua."

Hapo ndipo palipokuwa na vita vyenyewe. Nisipovirudisha, dozi imekatika na kifua kinangoja. Nikivirudisha kwa nguvu, nimemvua nguo mama wa mume wangu mbele ya kilima kizima. Na Isack aliniachia mama. Hakuniachia kifua chake tu, aliniachia na jina lake.

Nikafikiri huku nikikoroga uji. Nikampa ule wa jioni na kidonge alichorudisha Anne-Marie, maana kijumba chake kilikuwa kizima hakijatoboka. Na wakati namtazama akimeza, akili ikanijia, nayo ilikuja kutoka kwenye kikapu chenyewe.

Nikafungua ghala. Nikajaza vikapu viwili maharage mapya mpaka yakafanya kilima. Nikajifunga kitenge cha pili juu ya cha kwanza kama deraya, nikavaa mabuti ya Isack yaliyonizidi, nikasimama mlangoni nikajigamba peke yangu, kwa kuwa hakukuwa na mwingine wa kunisifu: mimi ndiye Mama Evaline, mpalilia maharage yasiyopalilika, niliyemfukuza nyani kwa ufagio, mkwe asiyegombeza, leo naenda kuchukua bila kudai. Kisha nikateleza kwenye kizingiti nikakaa chini. Maharage hayakumwagika. Nikainuka, nikaenda.

Njia ya kwa Kezia hushuka, tena kwa udongo mwekundu uliolowa mvua, na ule hauna huruma na jemadari wala na kuku. Nikashuka nikishika migomba kama anayesalimia wazee. Nikafika. Na hapo, enyi wasikilizaji, nikaona: Kezia wa ulimi wenye makali kuwili amekaa kwenye kigoda, miguu yake iliyovimba ameinyoosha, mkono wa kulia una kikombe cha maji, mkono wa kushoto una kidonge, na kidole gumba kiko juu ya bati kinataka kulipasua.

Nikasema hodi kabla ya kufika mlangoni, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko adabu. Akashtuka, akasimamisha kidole. Tukasalimiana kirefu, za hapa, za watoto, za mvua, na mimi jicho langu halikuondoka kwenye kile kidole.

"Namshukuru Ernesta," akasema. "Nina mafua tangu juzi."

"Pole, mama. Lakini hayo yako daktari hajayaona."

"Mafua ni mafua. Yeye ana pua, na mimi nina pua."

"Pua mnazo nyote wawili," nikamjibu. "Figo je?"

Akairudisha miguu chini ya kigoda. Kilima kizima kinajua kwamba Kezia huenda kliniki kwa ajili ya figo, na hata viatu vyake hununua vikubwa kwa sababu ya uvimbe. Nikamweleza kwamba daktari, kabla hajatoa hata kidonge kimoja, aliuliza figo za Bibi zikoje, na mtu hauliziwi figo zake bure. Mwenye figo mbovu hupimiwa kipimo chake mwenyewe, na mwenye mafua ya pua tu dawa hii wala si yake. Kwamba huenda asingepata kitu, na huenda angepata kitu ambacho hakukitafuta, na mimi ndiye ningekuja kumlilia.

Kezia akakitazama kidonge kama mtu anayegundua kwamba mgeni aliyemkaribisha amekuja na kisu. Lakini heshima ni heshima. Akasema hajawahi kunyang'anywa zawadi tangu azaliwe, na hataanza leo.

Nikatua kikapu cha maharage miguuni pake. Nikasema tumemletea, kwa kuwa asubuhi ghala lilikuwa limefungwa, na Bibi anamsalimu sana. Akashukuru. Akaweka kikombe chini, kidonge hakukiachia, akayamimina kwenye ungo. Kisha akakishika kikapu changu kitupu, na nikaona sheria ya kale inapita usoni mwake kama kivuli cha wingu. Akatazama chumbani. Akatazama jikoni.

"Nikutilie nini sasa?" akauliza. "Viazi vyote nimempelekea Ernesta."

"Tia chochote, mama. Hata kile kidogo ulichoshika."

Akanitazama. Nikatazama migomba. Halafu akacheka mpaka machozi yakamtoka, akasema, Isack alioa nyoka. Akatia kidonge katikati ya kikapu, na vitunguu viwili juu, isije ikasemwa kwamba Kezia alirudisha kikapu na kitu cha mwenyewe tu.

Ushindi wa pili. Nikapanda kilima nikiimba moyoni.

Mzee Leonidasi, bwana wa majogoo, nilimkuta nyuma ya nyumba amechuchumaa mbele ya jogoo wake aitwaye Kamanda. Kamanda alikuwa amenywea, manyoya yamesimama, pua inakoroma. Kabla sijatua kikapu, mzee alinieleza kwa furaha kwamba amemtibu. Aliwahi kusikia redioni kwamba kuna mafua ya ndege, akakata shauri kwamba mafua ya ndege na ya watu lazima yana undugu, na dawa ya Bibi ilipofika kikapuni aliona ni jibu la maombi. Alikitia kwenye tonge la ugali. Kamanda alimeza bila kukunja uso, tofauti na watu wengine.

Nikakaa kwenye gogo. Maharage mapajani, vita vimenishinda. Nikamwambia ukweli wote, wa pumu, wa filimbi, wa Isack, kwa kuwa kwa mzee yule hila zisingenifikisha popote, kilichomezwa kimemezwa.

Akavua kofia. Akafikiri muda mrefu, mvua ikaanza, hakuivaa tena. Mwisho akasimama, akamimina maharage ndani ya nyumba, akarudi na kikapu, akamkamata Kamanda, akamtia ndani, akafunika kwa jani la mgomba.

"Mama Evaline," akanena kwa uchungu wa mfalme anayetoa mji wake, "deni la kikapu ni deni. Kidonge cha Ernesta kimo humo ndani. Chukua vyote kwa pamoja."

Nikabisha, akakataa. Ndivyo nilivyorudi nyumbani, majeshi yangu yakiwa kidonge kimoja, vitunguu viwili na jogoo anayekohoa kama mzee wa kanisa wakati wa matoleo.

Bibi aliposikia, uso ukang'aa. Akatamka kwamba jambo limekwisha. Kamanda achinjwe, apikwe supu, yeye anywe yote. Kwa njia hiyo dawa itakuwa imerudi kwa mwenyewe, tena na mchuzi. Na kama supu haitoshi, nimpe vidonge vyote vilivyobaki avimeze kwa mkupuo, tumalize vita mara moja, yeye si mtoto wa kupewa kidogokidogo.

Nikampigia Daktari Elieth, nikaweka simu kwa sauti ya juu ili hukumu itoke kwa mwenyewe. Nikaeleza yote. Upande ule kikatoka kitu kama kikohozi, ingawa mpaka leo nadhani kilikuwa kicheko kilichoficha meno.

"Bibi," akasema, "jogoo si dawa, na jogoo mgonjwa si kitoweo. Usiongeze, usiruke, usigawe. Mama Evaline aje kesho na vilivyobaki, nitamfidia hicho kimoja."

Asubuhi nikashuka tena Kasulu kwa pikipiki. Daktari alivikagua vyote, kijumba kwa kijumba, akaridhika havijatoboka, akanipa kile kilichopungua. Hakunigombeza. Aliniambia tu kwamba si Bibi peke yake. Watu hugawana dawa kwa upendo kama wanavyogawana chumvi, na upendo huo huo ndio unaomletea wagonjwa waliomeza cha jirani. Na ndiyo sababu nasimulia haya. Kamanda tulimfunga nyuma ya jiko, akapona kwa sababu zake mwenyewe, nasi tukamrudisha kwa Mzee Leonidasi ndani ya kikapu kile kile, kwa kuwa kikapu hakirudi kitupu.

Sasa inueni masikio kwa mara ya mwisho.

Ikafika jioni ya kidonge cha mwisho. Uji umeiva. Ernesta ameketi sebuleni, kifua kimya, ngozi imerudi rangi yake. Majirani wamejaa kuja kuona mwisho wa vita, Leonidasi amesimama na kofia mkononi, Anne-Marie amekaa juu ya furushi lake la mitumba. Na nani akaingia? Kezia, na kikapu, na humo viazi vitamu vilivyovunwa siku ile ile.

Bibi akapokea, akashukuru, akavimimina. Kikapu kikabaki kitupu mikononi mwake. Ghala lilikuwa wazi, mimi mwenyewe nililiacha wazi, lakini lilikuwa mbali, na kidonge kilikuwa karibu, juu ya kigoda, kinang'aa ndani ya bati lake. Nikauona ule mkono usiofumbwa unatoka. Nikauona unakwenda. Nilitaka kusema neno, nikalimeza, kwa kuwa hivi havikuwa tena vita vyangu.

Mkono ukafika. Ukakitwaa kidonge. Ukasimama hewani katikati ya kikapu na kinywa, na hakuna aliyekohoa, hata waliostahili kukohoa.

Ernesta akapasua bati, akatia kidonge kinywani, akanywa uji mpaka bakuli likawa tupu. Kisha akainuka kwa miguu yake, akakishika kikapu kwa mikono miwili kama anayekabidhi ufunguo wa mji, akampa Kezia.

"Kezia," akasema, "kikapu chako kinarudi kitupu. Niko kwenye dozi."

Kezia akakitazama ndani, akakigeuza, akakitikisa. Halafu akakivaa kichwani kama taji na kutoka nacho hivyo mpaka barabarani, ili kila mtu aone.

Ndivyo sheria ya kale ilivyorekebishwa Makere, bila bunge na bila mhuri. Leo ukipeleka viazi kwa mgonjwa mwenye dawa za daktari, naye akakurudishia kikapu kitupu na kusema yuko kwenye dozi, hutamsema kisimani. Utakivaa kichwani, utakwenda nyumbani kwako mvua ikikupiga kwenye matundu, na watakaokuona watajua kwamba kwenye nyumba uliyotoka mtu anapona.